Nyuzi Tisini na Mbili

Saa nane mchana, Kirumba. Bati linatanuka, taa, taa,
nami nachapa barua ya mtu ambaye hajalipa bado.
Mara skrini giza.
Si umeme: redio ya kinyozi inaendelea na mpira.
Imezimika yenyewe,
kama mtu aliyeinuka kikaoni bila kuaga.
Mara ya tatu tangu asubuhi.
Mteja ananitazama kana kwamba nimemzima yeye.

Bulugu alikuja na bisibisi mbili
na brashi ya rangi ambayo haijaonja rangi.
Akalifungua kasha ubavuni, akanyamaza kama mkunga.
"Dada Kabula," akasema, "humu umefuga."

Visubi. Si mmoja, si mia.
Ule moshi unaosimama juu ya ziwa,
tunaoutazama toka kwenye mawe tukisema unakwenda Ukerewe,
haukwenda Ukerewe.
Ulipita dirishani kwangu usiku, ukafuata kijitaa cha buluu,
ukalala kwenye mapezi ya kipoza joto tabaka kwa tabaka,
mkavu, mweusi,
pamoja na vumbi la barabara, ganda la yai la mjusi,
na unywele wangu mmoja mrefu ambao sikujua umepotea.

Akaiwasha ikiwa wazi, akasoma.
"Tisini na mbili."
Chai ya Nyanzala, ile inayounguza ulimi, haifiki hapo.

"Ikikaa bure, arobaini, usijali.
Ikichapa kazi, sitini, sabini, iache.
Themanini, isikilize.
Tisini, inakuomba.
Mia inajikata, na kujikata kwake ndiyo akili.
Na hewa ya humu kashani isivuke arobaini.
Sasa chumba chako chenyewe ni thelathini na nne!
Dada, unaianzisha mbio ikiwa imeshachoka."

Thelathini na tisa: kwa prosesa ni usingizi mwanana.
Kwa Sayi wangu, mwaka juzi,
ilikuwa bodaboda saa tisa usiku kupanda Bugando,
kichwa chake begani kama jiwe lililoshinda juani.
Yeye hakuwa na pa kujizimia.

Bulugu akakwangua dawa ya joto ya zamani.
Ilikuwa ukoko, ukoko kabisa wa sufuria.
Akaweka mpya, punje ya dengu, si zaidi.
Feni ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume,
inairudishia mashine pumzi yake yenyewe.
Nani aliifunga hivyo? Sikujibu.
Akaigeuza. Akasogeza kasha kiganja kimoja toka ukutani,
akapuliza, akapiga chafya, akadai elfu kumi na tano.
Hamsini na nane.
Mimi niliyepewa jina la mvua
nikasikia upepo mdogo unatoka mahali ulipopaswa kutoka.

Saa kumi na mbili akaja Lugata, mdogo wangu,
kutoka kiwanda cha minofu.
Kutwa nzima chumba cha barafu, sangara mikononi,
glavu zilizotoboka kidole cha shahada.
Kila jioni huketi nyuma ya mashine, kona ile ile,
hasemi kitu. Miezi minane
nilidhani anapapenda tu.

Leo akanyoosha viganja pale hewa inapotokea.
Akangoja. Akavigeuza, kama mtu achomaye muhogo.
Akangoja tena.
"Kabula, imekufa?"
"Imepona."
"Ahaa."
Akaviingiza kwapani.

Nikampa kikombe cha Nyanzala, akishike tu kwanza.
Sikujua ni nyuzi ngapi.
Nje, juu ya maji, moshi ulikuwa umesimama tena.
Nikafunga dirisha.
Tukakaa na joto letu, watu wawili,
mmoja akilivumilia.